Kiwewe si Ugonjwa wa Wazungu, na Kunyamaza si Dawa

Kila janga linapotuangukia, liwe bomu, vita, mauaji ya watu wengi au ubakaji wa kivita, hufuatwa na maneno yale yale. Husemwa misibani, redioni, kwenye mikutano ya hadhara, na wakati mwingine na wahudumu wa afya wenyewe. Wengi huyasema kwa nia njema kabisa. Lakini maneno hayo yamewafungia watu ndani na maumivu yanayotibika, na linaloniuma zaidi ni kwamba utafiti unaoyakanusha haukufanywa mbali. Ulifanywa Nairobi, Bungoma, Moshi, Kivu, na katika kambi za wakimbizi za Uganda, na waliokaa kujibu maswali ni majirani zetu. Nayachukua maneno hayo moja baada ya jingine.

"Kiwewe ni ugonjwa wa wazungu. Mwafrika amezoea shida."

Dai hili lina mzizi wa kweli, na ni haki kuutaja kwanza. Ugonjwa huu, msongo wa baada ya kiwewe, uliingizwa kwa jina lake la sasa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na msukumo mkubwa ulitoka kwa askari waliorudi kutoka Vietnam. Mwaka 1999 daktari wa akili wa Uingereza, Derek Summerfield, aliandika makala kali akiyaonya mashirika yanayokimbilia maeneo ya vita na madodoso mkononi. Alisema kazi hiyo inaweza kugeuza huzuni na hasira za haki kuwa maradhi, na kufunika yale ambayo watu wenyewe wanayadai: ardhi, usalama, hukumu kwa waliowadhulumu. Onyo hilo lilistahili kusikilizwa, na bado linastahili.

Ila kutoka hapo hadi kusema Mwafrika haumwi ni mbali sana. Tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi watu wakiwa kazini, lori lililojaa baruti lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Muda mfupi kabla ya mlipuko ule mkubwa ulisikika kishindo kidogo. Watu wa maofisi ya jirani wakaenda madirishani kuona kuna nini, na vioo vikawakuta pale pale wameelekeza nyuso nje. Zaidi ya watu 200 walikufa, maelfu wakajeruhiwa, na wengi waliumia macho. Miaka mitatu kabla, lori la namna hiyo lilikuwa limeliporomosha jengo la serikali huko Oklahoma City na kuua watu 168.

Carol North na wenzake waliwahoji manusura wa miji yote miwili, 227 wa Nairobi na 182 wa Oklahoma City, kisha wakalinganisha. Viwango vya msongo wa baada ya kiwewe vilikaribiana. Kilichotofautiana ni mahali watu walipokimbilia. Manusura wa Nairobi waliegemea zaidi dini, wale wa Oklahoma City wakaegemea zaidi hospitali, dawa na pombe. Hakuna popote katika matokeo hayo panaposema kwamba Mkenya aliumia kidogo.

Na hilo la "amezoea shida" lina jibu lake peke yake. Frank Neuner na wenzake walipofanya utafiti kati ya wakimbizi na wenyeji wa eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, waliwauliza watu ni matukio mangapi ya kutisha waliyowahi kuyapitia. Miongoni mwa waliotaja matukio matatu au pungufu, karibu asilimia 23 walikuwa na ugonjwa. Miongoni mwa waliotaja 28 au zaidi, wote walikuwa nao. Kama mazoea ya shida yangekuwa kinga, hesabu hiyo ingekwenda kinyume chake. Moyo wa binadamu hauoti sugu kwa kupigwa mara nyingi. Kila pigo jipya linaongezwa juu ya mengine.

Ninachokubali ni kwamba mtu hatakwenda zahanati akasema "nina kiwewe". Atasema moyo unamwenda mbio, kichwa kinamgonga, miguu imekufa ganzi, halali. Mtu aliyenusurika bomu anatembea barabarani, ekzosi ya matatu inapiga, na kabla hajajua kilichotokea amelala chini, mikono kichwani, jasho linamtoka. Akili inamwambia ni matatu tu. Mwili haujapata habari hiyo. Mhudumu anayempa dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani hajakosea kwa ubaya. Hakuuliza swali moja zaidi.

"Basi kila aliyepitia vita ni mgonjwa."

Hapana. Hili nalo lina madhara, hasa linapotamkwa na wanaotafuta fedha za miradi. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi chini ya Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba karibu asilimia 70 ya watu hukutana na tukio la kutisha maishani, lakini wanaopata ugonjwa huu ni kama asilimia 5.6 tu ya hao waliokutana nalo. Wengi hutikisika kwa wiki kadhaa, wakaota ndoto mbaya, wakashtuka ovyo, kisha wakarudi polepole kwenye hali yao. Kumwita kila mkimbizi mgonjwa ni kumvua heshima yake, na ni kumnyima nafasi yule mmoja anayehitaji tiba kwelikweli, kwa sababu anapotea katika umati.

"Yaliyopita si ndwele. Muda utaponya."

Kwa wengine, ndiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 40 ya wenye ugonjwa huu hupona ndani ya mwaka mmoja. Hao wengine je?

Tuitazame Rwanda. Mwaka 2018, miaka 24 baada ya mauaji ya kimbari, ulifanyika uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili. Katika watu kwa jumla, waliokuwa na msongo wa baada ya kiwewe walikuwa asilimia 3.6. Miongoni mwa manusura wa mauaji yale walikuwa asilimia 27.9. Mtoto aliyekuwa na miaka minane akijificha mwaka 1994 alikuwa na miaka 32 mwaka ule wa uchunguzi, mtu mzima, pengine mzazi. Miaka 24 ni muda wa kutosha kwa muda kufanya kazi yake, kama kazi hiyo ungeiweza peke yake.

Sababu inafahamika. Kumbukumbu ya tukio la kutisha haihifadhiwi kama kumbukumbu nyingine. Sauti, harufu, baridi ya sakafu, woga wenyewe, vyote hubaki vikali, lakini vimekatika kutoka kwenye "lini" na "wapi". Ndiyo maana ikiamshwa haiji kama jambo la zamani, inakuja kama jambo linalotokea sasa. Mgonjwa, kwa akili timamu kabisa, anaanza kukwepa kila kinachoweza kuiamsha: njia fulani, soko fulani, sare za askari, mazungumzo fulani, hatimaye watu. Kila anapokwepa anapata nafuu ya saa moja, na anapoteza nafasi ya kujifunza kwamba hatari imepita. Miaka inakwenda namna hiyo. Muda haumponyi kwa sababu kumbukumbu ile haijawahi kuwekwa ndani ya muda.

"Kumzungumzisha ni kumtonesha kidonda. Mwache."

Hapa nataka kukaa, kwa sababu hili ndilo dai linalosemwa kwa upendo mwingi kuliko yote, na ndilo lenye ukweli na makosa yaliyosukwa pamoja.

Ukweli wake ni huu. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi, baada ya ajali au shambulio, kuwakusanya walioathirika siku chache baadaye na kuwataka wasimulie kila kitu kwa kikao kimoja, kisha kuwaaga. Ilionekana ni jambo la busara. Jonathan Bisson na wenzake waliijaribu njia hiyo kwa wagonjwa waliolazwa kwa majeraha ya moto, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliofanyiwa kikao hicho walikuwa na msongo wa baada ya kiwewe, dhidi ya asilimia 9 ya wale ambao hawakufanyiwa. Tafiti zilizokusanywa baadaye zilithibitisha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii ugonjwa. Kwa hiyo bibi anayesema "mwacheni mtoto apumzike" siku ya pili baada ya msiba yuko sahihi, na mshauri anayefika na daftari kumchimba maneno amekosea. Siku za mwanzo zinataka maji, blanketi, usalama, habari za ndugu walipo, na mtu wa kukaa karibu naye. Akitaka kusema, asikilizwe. Asipotaka, asilazimishwe.

Makosa yake yanaanza pale ushauri wa wiki ya kwanza unapofanywa kuwa sheria ya maisha yote. Kidonda kilichofunikwa na udongo ndani yake hakipoi kwa kuachwa. Kinahitaji kusafishwa na mtu anayejua, mahali safi, kwa mpango.

Maggie Schauer, Neuner na Thomas Elbert, wa Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, walibuni tiba ya masimulizi kwa ajili ya watu waliopitia mateso mengi, si tukio moja tu. Sehemu ya wazo hilo ilitoka Chile, ambako wataalamu wakati wa utawala wa Pinochet waliwasaidia walioteswa kutoa ushuhuda wao. Kikao kinaanza na kamba iliyolazwa sakafuni. Ncha moja ni kuzaliwa. Mgonjwa anapewa mawe na maua. Kwa kila jambo jema anaweka ua: siku aliyoanza shule, harusi, mtoto wa kwanza. Kwa kila jambo la kutisha anaweka jiwe, na ukubwa wa jiwe anauchagua mwenyewe. Sehemu ya kamba iliyosalia inaachwa imekunjwa, kwani ni ya maisha ambayo bado hayajafika. Kwa mara ya kwanza mtu anayaona maisha yake yote kwa jicho moja, na anaona kwamba yale mawe yana mahali pake na yana mwisho wake.

Kisha anasimulia, kwa mpangilio, tangu mwanzo. Wanapofika kwenye jiwe, mshauri anapunguza mwendo. Anauliza ulikuwa wapi, ilikuwa saa ngapi, ulisikia nini, mwili ulihisi nini, na sasa hivi ukiwa hapa unahisi nini. Hawaondoki hapo hadi hofu ishuke. Mshauri anaandika. Kikao kinachofuata anamsomea aliyoyasema, mgonjwa anasahihisha, wanaendelea. Mwishoni anakabidhiwa karatasi zake, maisha yake yameandikwa, ni mali yake. Wapo walioogopa kwamba tiba huwafanya watu wasahau madai yao. Mtu anayetoka hapo na ushuhuda ulioandikwa kwa utaratibu yuko mbali sana na kusahau.

Inafanya kazi? Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Uganda, wakimbizi 43 kutoka Sudan waligawanywa katika makundi matatu. Wa kwanza walipata vikao vinne vya masimulizi, wa pili ushauri wa kutiwa moyo, wa tatu walielimishwa kuhusu ugonjwa tu. Mwaka mmoja baadaye, waliobaki na ugonjwa katika kundi la masimulizi walikuwa asilimia 29. Katika makundi mengine mawili walikuwa karibu 80. Ni kundi dogo, na mtu ana haki ya kusema hivyo. Ndiyo maana utafiti uliofuata Nakivale, uliochapishwa 2008, ulikuwa na watu 277, Wanyarwanda na Wasomali. Humo, miezi tisa baada ya tiba, asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na ugonjwa, dhidi ya asilimia 37 ya waliofuatiliwa tu. Aina nyingine ya ushauri ilileta asilimia 65, kwa hiyo masimulizi hayakuishinda kwa mbali. Lakini walioacha tiba ya masimulizi njiani walikuwa asilimia 4 tu, na wale wa ushauri ule mwingine asilimia 21. Kama kusimulia kungekuwa kutonesha, wangeondoka wao kwanza.

Na asiyeweza kabisa kusimulia ana njia nyingine, kama nitakavyoonyesha sasa hivi kwa habari za Kivu.

"Vita viishe kwanza. Huwezi kumtibu mtu ambaye bado anapigwa."

Hili nililiamini kuwa na nguvu kuliko mengine, kwa sababu lina mantiki. Lakini Judith Bass na wenzake walilipima huko Kivu, mashariki mwa Kongo, miongoni mwa wanawake waliobakwa au kushuhudia ubakaji, na mwaka 2013 wakatoa matokeo. Wanawake 157 wa vijiji saba walipata tiba ya kuchambua mawazo, kikao kimoja cha faragha na 11 vya kikundi. Wanawake 248 wa vijiji vinane walipata usaidizi wa mtu mmoja mmoja. Katika kipindi hicho vijiji vilivamiwa, watu walikimbia mapigano, waliibiwa na watu wenye silaha. Tiba iliendelea.

Katika vikundi hivyo hakuna aliyetakiwa kueleza alivyotendwa. Kazi ilikuwa kwenye mawazo yaliyobaki baada ya tendo: ni kosa langu, nimechafuka, sina thamani tena, hakuna mtu wa kuaminika. Kila wazo linashikwa na kuulizwa: linatoka wapi, lina ushahidi gani, ungemwambia hivyo dada yako? Wengi hawakujua kusoma wala kuandika, na tiba hii kwa kawaida hutumia karatasi za kujaza. Basi masomo yakarahisishwa na wanawake wakayashika kichwani.

Miezi sita baada ya tiba kwisha, wenye dalili za sonona au wasiwasi katika vikundi walikuwa asilimia 9, kutoka 71 mwanzoni. Katika vijiji vya usaidizi wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42, kutoka 83. Msongo wa baada ya kiwewe ulifuata mkondo huo huo. Hakuna anayedai kwamba tiba inafidia usalama. Amani inadaiwa pale pale, na watesaji wanapaswa kushtakiwa. Ila mwanamke wa Kivu hawezi kuambiwa asubiri makundi yenye silaha yamalize kupigana ndipo aruhusiwe kulala usiku.

"Maombi yanatosha. Anayekwenda kwa mshauri ana imani haba."

Manusura wa Nairobi walituonyesha dini inabeba mzigo gani, na sitaki kuipunguzia. Msikiti na kanisa huwakusanya watu, huwapa ratiba ya wiki, huwaletea chakula. Utafiti mwingine wa Nairobi, wa Frank Njenga na wenzake, uliwahoji watu 2,883 miezi michache baada ya bomu na kukuta asilimia 35 wana dalili zinazokaribia ugonjwa huu. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na dalili hizo lilikuwa kutokuwa na rafiki wa kumwambia ya moyoni. Mengine ni jeraha lisilopona, kufiwa, na kukwama kifedha. Shehe au mchungaji anayemsikiliza mtu na kumwelekeza pa kutibiwa anafanya jambo kubwa. Anayemwambia jinamizi lake ni dhambi anamwongezea jiwe. Hatumwambii mwenye malaria aombe asimeze dawa.

"Hatuna wataalamu."

Hatuna, kweli, kama tunamaanisha madaktari bingwa wa akili. Lakini turudi tukatazame ni nani aliyefanya kazi katika tafiti nilizozitaja. Nakivale walikuwa wakimbizi wenzao, waliofunzwa kwa muda mfupi. Kivu walikuwa wanawake wa maeneo hayo hayo, si wataalamu wenye shahada.

Bungoma na Moshi, Shannon Dorsey na wenzake walishughulika na watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi, na washauri walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Matokeo yaliyotoka 2020 yalikuwa mazuri kuliko huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Katika vijiji vya Moshi tofauti haikuonekana, kwani watoto wa pande zote mbili walipata nafuu. Nalitaja hilo kwa makusudi, maana anayekueleza kwamba tiba hushinda kila mahali anakuuzia kitu.

Dagoretti, Nairobi, wanawake 518 waliokuwa na dhiki, wengi wao wamefanyiwa ukatili wa kijinsia, walishiriki katika jaribio lililochapishwa 2017. Nusu walipewa vikao vitano vya kujifunza kutuliza mwili, kupangua matatizo na kurudi kwenye shughuli. Waliowapa ni wahudumu wa afya ya jamii wa mitaa hiyo hiyo. Nafuu haikuwa kubwa mno, lakini ilikuwa ya kweli.

Kinachokosekana ni usimamizi, na hapa ndipo wanasiasa wetu wanapaswa kubanwa. Mshauri wa kijijini aliyefunzwa mara moja na kuachwa atachoka, ataanza kutoa mawaidha badala ya kusikiliza, na atabeba ndoto za watu wengine nyumbani kwake. Katika tafiti hizi zote, washauri walikuwa na mtu wa kumpelekea kesi ngumu. Mradi ukiisha, mtu huyo ndiye wa kwanza kuondoka.

Mwezi Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wake: mashine ya presha, kipimo cha sukari, mizani, kipimajoto. Hao tayari wanapita nyumba kwa nyumba, wanajulikana kwa majina, wanakaribishwa ndani. Wafunzwe vikao vile vitano vya Dagoretti, na kila kaunti iajiri wauguzi wa afya ya akili wa kuwasimamia, kwa mshahara ulio kwenye bajeti ya kaunti yenyewe na sio kwenye bajeti ya mfadhili.